Komeo la Nje

Torino, 26 Februari 1956

Shangazi yangu Palmira,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na hayo magoti yako je? Huku redio haina habari nyingine ila theluji, na kila wakitaja milima ya kwetu nakuona umekwama jikoni na kuni za kubahatisha. Niambie kama paa la zizi limestahimili. Niambie pia kama nguruwe alichinjwa sikukuu ya Mtakatifu Antoni au kaka yako ameahirisha tena kwa ubahili wake. Utaona nasema kaka yako. Nitaendelea kusema hivyo, usinisahihishe.

Mimi mzima. Bado niko kiwandani kwenye meza ya kukatia makoti, na kile kidole nilichojikata kimepona. Secondo anakusalimu. Bado anaendesha tramu, bado anakaa kwa dada yake na mimi kwa yule mjane, majirani wote wanajua na sisi tunajifanya hatujui kama wanajua. Jumapili anakaa nami kiti cha nyuma kabisa kanisani, wenzetu wakienda kupokea Komunyo sisi tunatazama viatu vyetu.

Sasa neno lenyewe. Kesi imeanza. Nimepeleka madai kwenye mahakama ya Kanisa huko kwetu, kwamba ndoa yangu na Ruggero ilikuwa batili tangu siku ya kwanza kwa sababu nililazimishwa. Nina wakili, mzee Sabatelli, mtu asiyejua kubembeleza. Anasema mbele ya majaji wale ndoa inahesabiwa ni ndoa mpaka mtu athibitishe kwamba siyo, na kuna padre mzima aliyepewa kazi hiyo moja tu, kuitetea ndoa yangu dhidi yangu mimi. Neno langu halitoshi. Hata Ruggero angekubali, na hakubali ng'o, lisingetosha, maana wanasema mume na mke waliochokana wanaweza kukaa wakapanga uongo. Wanataka mashahidi wawili wasio na doa, walioona kwa macho yao wenyewe, na maneno yao yapatane. Akiwa mmoja, hata awe mtakatifu, wanamshukuru na kumrudisha nyumbani.

Huyo mmoja ninaye. Nunziata, mshonaji wa mlango wa pili, ameshaapishwa na amesema aliyoyaona: kaka yako akinivuta kwa nywele ngazini, akinisukumia chumba cha nafaka, akifunga komeo kwa nje, na yeye Nunziata akinipitishia mkate dirishani kwa kamba mpaka siku niliposema ndiyo, nitaolewa. Mama amekufa. Hakuna mwingine aliyeona.

Shangazi, wewe ulifika kutoka Napoli siku mbili kabla ya harusi, najua. Lakini ni miaka tisa sasa, nani anakumbuka ulifika lini? Sema ulifika wiki moja nyuma. Sema uliliona komeo limefungwa na mimi niko ndani. Hutakuwa umedanganya, maana jambo lilitokea, na unajua lilitokea. Ni kweli tupu iliyokosa jicho la pili. Niazime jicho lako.

Nina miaka thelathini na moja. Nikizaa na Secondo leo, serikali itaandika mtoto ni wa Ruggero, kwa kuwa nchi hii haina talaka na mimi bado ni mke wa Ruggero. Sitazaa mtoto wa kubeba jina la Ruggero. Hilo nimeapa, na sikuhitaji Injili.

Wako,
Ersilia


Roccasparta, 19 Machi 1956

Ersilia mwanangu,

Milele amina. Paa la zizi lilibonyea upande mmoja na kondoo wawili wametutoka. Baba yako, nami nitaendelea kusema baba yako, usinisahihishe, alichimba njia kwa koleo mpaka kisimani peke yake na uzee wake ule, kwa sababu aliona haya kuwaomba vijana wa jirani. Sasa anakohoa na anasema ni vumbi. Nguruwe alichinjwa. Nimekutengea soseji na jibini ya kondoo, utaletewa na binti wa mwenye tanuri la mkate akija huko Pasaka. Leo ni Mtakatifu Yosefu, nimemwashia mshumaa Secondo wako ingawa simjui, maana mwanamume anayekubali kutazama viatu vyake miaka yote hiyo anastahili mshumaa.

Kuhusu ulichoniomba, hapana.

Nilikuwa Napoli nikiwapikia watawa. Nilifika Alhamisi jioni na harusi ilikuwa Jumamosi. Sikuliona komeo limefungwa. Niliuona mlango wa chumba cha nafaka uko wazi, na wewe umekaa jikoni umeshasukwa nywele, husemi na mtu.

Nilichokiona mimi ni mashuka. Kesho yake vitu vyako vilikuwa vitolewe, vipitishwe kijijini kwenye vikapu watu wavione, halafu wanawake wa nyumba zote mbili wakutandikie kitanda. Nikafungua kasha nihakikishe kila kitu kimepigwa pasi. Kila shuka lilikuwa limetariziwa E na R zimekumbatiana, kazi ya mama yako ya majira mawili ya baridi, na wewe ulikuwa umezifumua R zote. E zimebaki peke yake, na pembeni matundu ya sindano. Nilizishona upya kabla wanawake wa kwa Ruggero hawajaingia. Sikukuuliza kitu, nawe hukuniambia kitu. Hilo nitalisema popote nitakapoitwa.

Basi changu ni hicho. Cha Nunziata ni cha Nunziata. Ukinitaka niweke mkono juu ya Injili niseme niliona nisichokiona, wakakuachia kwa uongo wangu, utaolewa na Secondo juu ya msingi gani? Ulishaolewa mara moja kwa neno ambalo halikuwa la kweli. Hukushiba?

Kula vizuri. Usitembee na miguu iliyolowa.

Shangazi yako,
Palmira


Torino, 8 Aprili 1956

Shangazi,

Soseji zimefika, ahsante. Natumaini kikohozi cha kaka yako kinaendelea vizuri, yaani kikohozi chenyewe.

Nimemweleza Sabatelli habari za mashuka. Amefurahi kidogo tu. Anasema mashuka yanathibitisha kwamba sikumtaka Ruggero, na maharusi wasiowataka waume zao ni wengi, wanakubali hivyo hivyo kwa sababu zao, na ndoa zao ni halali. Kutotaka ni jambo moja, kulazimishwa ni jambo la pili, na hilo la pili shahidi ni Nunziata peke yake. Padre mtetezi wa ndoa naye ameshaandika kwamba komeo la chumba cha nafaka huwekwa nje katika kila nyumba ya mlimani, kwa ajili ya wezi. Hata mimi nilitaka kucheka. Ni kweli kabisa, liko nje kila nyumba.

Kwa hiyo usinipe mafundisho ya msingi wa ndoa. Mimi nilikaa mle ndani. Najua harufu ya ngano ya mwaka jana ikoje asubuhi na ikoje jioni. Leo wanaume watatu waliovaa kanzu wanapima kama jambo hilo lilitokea, na wewe unayejua lilitokea unahesabu Alhamisi na Jumamosi. Sema kweli basi. Unakula mkate wa kaka yako, unalala chini ya paa lake, na magoti hayo hayawezi tena kupika kwa watawa. Sema unamwogopa. Nitakuelewa. Ila usijifiche nyuma ya Injili, unanitia hasira.

Ersilia


Torino, 24 Juni 1956

Shangazi,

Salamu. Nimekuandikia Mei hukujibu. Nimekuandikia tena mwanzo wa mwezi huu, kimya. Nilidhani unaumwa. Lakini Nunziata ameniandikia, anasema hujambo, na kwamba alikuona unapanda basi la kwenda mjini umevaa gauni jeusi la misa, umeshika rozari, na uliporudi ulipita mlangoni kwake bila kumsalimia.

Ulikwenda mahakamani. Uliwaambia nini? Sabatelli hawezi kusema, ushahidi umefungwa mpaka wote wasikike. Lakini nimemtazama usoni na sikupenda nilichokiona.

Secondo anakusalimu. Yeye bado ana adabu.

Ersilia


Torino, 30 Septemba 1956

Kwa Palmira,

Leo sina salamu.

Juma lililopita majaji waliniita tena. Nikasafiri usiku kucha, nikafika, nikaapishwa upya. Jaji mzee akaniuliza jambo moja tu. Je, nilimwomba shahidi yeyote aseme uongo kwa faida yangu?

Nilijua hapo hapo. Mwandishi wa mahakama ameinamisha kichwa na kalamu iko tayari, padre mtetezi anatazama dirishani kwa uungwana kama mtu aliyekwisha shinda. Ningeweza kukana. Nikasema, "Ndiyo, nilimwomba. Mnanitaka nithibitishe kilichofanyika kwenye chumba kilichofungwa, mlitegemea mashahidi wakae wapi?" Sabatelli akafumba macho. Mwandishi akaandika yote, akanisomea, nikatia sahihi.

Sabatelli anasema sasa hata neno langu lenyewe limechafuka, na Nunziata peke yake hawezi kulibeba. Anasema akipatikana mtu mwingine aliyeona, tuna kesi. Aliyebaki hai ni kaka yako, aliyefunga mwenyewe, naye wamemwita mara mbili hakwenda.

Umeamua kuwa mtakatifu, hongera. Umenizika nikiwa hai kwa sababu ya Alhamisi na Jumamosi. Secondo aliniandalia supu, na mimi nikaimwaga. Hata hivyo sirudi kwa Ruggero, siendi utawani, na wala siombi radhi kwa mtu. Nitakaa kile kiti cha nyuma mpaka kivunjike.

Usiniandikie tena.

E.


Roccasparta, 11 Novemba 1956

Ersilia mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo, ujibu usijibu. Divai mpya imefunguliwa leo, Mtakatifu Martino, ni chachu lakini inanyweka. Zafarani mwaka huu imechanua vizuri, vidole vyangu bado vina rangi yake. Nunziata ameota jipu kwenye shingo na anamlaumu kila mtu. Umenikataza nisikuandikie, na mimi katika nyumba hii nimeshakatazwa mambo mengi, naandika.

Barua zako zote nilizipata. Sikuzijibu kwa sababu baada ya ile ya Aprili niliitwa na mahakama, nikajua nitaulizwa. Na kweli, kabla ya lolote wanafungua bahasha ya maswali iliyotiwa lakiri, na baada ya jina na dini wanauliza: je, kuna mtu amekufundisha cha kusema? Nikaona nikikujibu hata kuhusu hali ya hewa, nitatetemeka pale. Halafu waliniapisha ninyamaze mpaka shahidi wa mwisho asikike. Amesikika juzi. Ndiyo maana leo nina mdomo.

Nikaulizwa hivyo, nikasema ndiyo, mtoto wa kaka yangu alitaka niseme niliona komeo limefungwa, nami sikuliona, nikakataa. Mwandishi akaacha kuandika, akamtazama jaji. Halafu nikawaambia habari za mashuka, shuka moja moja. Jaji mzee akaniuliza kwa nini akuamini wewe kuhusu kulazimishwa, na kwa nini aniamini mimi kuhusu mashuka, na sote ni damu moja. Nikamwambia, "Baba, ningeweza kukupa komeo, na nimekunyima. Ninachokupa kipokee." Akamwashiria mwandishi aandike. Nilirudi kwa basi najua nimekuumiza, na nilipita kwa Nunziata bila salamu kwa sababu ningefungua mdomo ningelia njiani. Umeniandikia kwamba naogopa. Namwogopa sana, Ersilia. Sasa sikiliza mwoga wako alichofanya.

Baba yako aliitwa mara mbili. Karatasi ya kwanza aliwashia kiko, ya pili aliifungia mbegu. Alisema hakuna padre wa kumuuliza habari za nyumba yake. Mimi sikumsemesha kuhusu kesi hata mara moja, maana ningemwomba angekataa kwa sababu nimemwomba, unamjua.

Basi Oktoba, Ruggero alikunywa kwenye baa akaanza kujisifu aliyowaambia majaji. Eti Nazzareno, baba yako, ni mwanakondoo. Eti tangu utotoni binti alikuwa akitaka kitu baba anampa, kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemtaka Ruggero na baba yako akashindwa kukukatalia, kwamba katika nyumba ile suruali ilivaliwa na msichana. Wanaume walicheka mpaka wakashika matumbo. Nilisimuliwa na mwenye tanuri, ambaye naye alikuwa anajitahidi asicheke. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyethubutu kumfikishia mwenyewe.

Nilimfikishia mimi. Tulikuwa mezani tunachambua maua ya zafarani, yeye upande wake, mimi wangu. Sikumwongezea neno wala kumpunguzia. Nilimwambia Ruggero amesema hivi kwenye baa, na kwamba amewaapia majaji vivyo hivyo, na kwamba kwa kuwa Nazzareno hakwenda kusema lake, lililoandikwa mpaka sasa ni la Ruggero. Akaendelea kuchambua. Alimaliza fungu lake lote, uso umemwiva. Halafu akauliza basi la mjini linapita saa ngapi.

Asubuhi alivaa koti la harusi yake, lile lisilofungika tumboni. Nilisikia anagonga kitu juu. Akashuka na komeo mkononi, amelibandua mlangoni na misumari yake yote, akalitia mfukoni na koti likalala upande mmoja.

Waliyozungumza kule nayajua kwa sababu aliyasema mwenyewe kwenye baa, amesimama, siku hiyo hiyo aliporudi. Kiapo cha kunyamaza alikula na yeye, lakini tangu lini Nazzareno akanyamazia jambo linalompa heshima? Jaji alimuuliza kama ni kweli alimwachia binti yake achague. Akalitoa komeo, akaliweka juu ya meza yao mbele ya msalaba. Akasema, "Hili nililitia kwa mkono wangu, kwa nje, na aliyekuwa ndani hakuwa ngano." Padre mtetezi akaona hatari, akamsaidia kwa upole, akamuuliza kama haikuwa tu ukali wa mzazi wa siku moja, ambao binti angeweza kuupuuza. Baba yako akakasirika kabisa. Alimuuliza yule padre kama amewahi kuona mtu anayempuuza Nazzareno. Ndipo jaji mzee akauliza la mwisho: kama asingekubali kuolewa, ingekuwaje?

"Angekuwa mle mpaka leo."

Wakaandika. Wakamsomea. Akatia sahihi kubwa. Hakuna mtu aliyemfundisha, hakuna aliyemwomba, na amejishuhudia mwenyewe dhidi yake mwenyewe. Sabatelli wako atakwambia hilo lina uzito gani, mimi ni mpishi tu.

Baa hawakucheka. Ruggero alilipa akaondoka.

Nyumbani alivua koti, akakaa. Nilimwekea supu ya dengu. Nilikuwa nimejiapia nitanyamaza, nikashindwa. Nikamwambia, "Nazzareno, unajua ulichokifanya leo? Hicho ulichokisema ndicho Ersilia alichokuwa anakitafuta. Watamwachia." Nikasubiri meza ipinduliwe. Nilishafunga vitu vyangu kwenye kitambaa, viko nyuma ya mlango.

Hakuipindua. Alikula vijiko viwili vitatu. Akasema, "Nilimfungia mimi. Ulitaka atolewe na Nunziata?"

Akaomba chumvi. Sijui alijua tangu lini, kama ni njiani kwenye basi au alipokuwa anang'oa misumari au hapo hapo mezani, na sitamuuliza. Nimefungua kitambaa nikarudisha vitu vyangu sandukuni. Komeo mahakama imebaki nalo. Mlango wa chumba cha nafaka una matundu manne na unajifungua wenyewe upepo ukivuma.

Shangazi yako,
Palmira


Torino, 2 Februari 1958

Shangazi yangu Palmira,

Tumsifu Yesu Kristo. Magoti je? Hapa baridi kali ila nyumba ni yetu na jiko linawaka. Secondo amehamishiwa njia ya asubuhi, anarudi mchana ananuka mafuta ya tramu na anataka kupika yeye. Kwenye harusi nilitamani uwepo, ila najua usingemwacha na kile kikohozi. Padre aliponiuliza swali lile nilijibu kwa sauti mpaka mtoto mdogo wa dada yake Secondo akashtuka. Mashuka yalikuwa meupe, sikutarizi kitu.

Sabatelli amenipa nakala ya hukumu zote mbili, maana unajua wa kwanza wakikubali ni lazima mahakama ya pili nayo ikubali. Maneno yako yamo. Wameandika kwamba shahidi aliyekataa kusema uongo kwa ajili ya jamaa yake anaaminika katika yale aliyosema. Neno langu wamelisafisha kwa neno lako. Yale niliyokuandikia mwaka ule siyafuti, niliyaandika kwa mkono wangu na siku ile niliyamaanisha. Lakini nilikuomba jicho ukaninyima, na sasa nashukuru kwamba bado unalo.

Mtoto atazaliwa mwezi wa sita. Jina lake la ukoo litakuwa Gariglio, kama la baba yake, na serikali iandike hivyo hivyo.

Mwambie baba. Sawa, nimelisema, usishangilie. Mwambie sijamsamehe, na asijidanganye kwamba safari moja ya basi imelipa kitu. Mwambie pia kwamba kitanda cha sebuleni ni kirefu kumtosha, na kwamba mjukuu sitampelekea, aje mwenyewe amwone. Akifika apige hodi asubiri kama watu wengine.

Kwangu komeo liko ndani.

Wako,
Ersilia